Mbuzi Ndani ya Gunia: Draiva za Kompyuta na Viraka vya Kificho



Makala ya mwezi huu inahusu jambo ambalo wengi wetu hatulioni kwa macho, ingawa limo ndani ya nyumba zetu zote. Kila tununuapo kompyuta, printa, skana au kamera, tunalipia vitu viwili: chombo chenyewe, yaani chuma, plastiki na nyaya zake, na programu ndogo inayokiwezesha kufanya kazi. Programu hiyo huitwa draiva, neno la shina lile lile lililotupatia dereva wa gari. Chombo tunakikagua dukani, tunakigeuzageuza na kuuliza bei. Draiva hatuikagui, wala muuzaji haitaji. Hapo ndipo baadhi ya watengenezaji wamezoea kutuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Ili tuelewane, tuanze na kazi ya draiva. Mfumo endeshi, kama vile Windows, haujui lugha ya kila printa wala ya kila kadi ya sauti iliyoundwa duniani. Draiva ni mkalimani anayesimama kati ya mfumo na chombo: mfumo unasema “chapa ukurasa huu”, na mkalimani anayageuza maneno hayo kuwa amri ambazo chombo kinazifahamu. Kwa ajili ya kazi hiyo, draiva nyingi hupewa ruhusa ya kuingia katika kiini cha mfumo, mahali ambapo programu ya kawaida, kama ile ya kuandikia barua, hairuhusiwi kukanyaga. Programu ya kawaida ikikosea, hufungwa peke yake na kazi nyingine zikaendelea. Draiva ya kiini ikikosea, kompyuta nzima huanguka. Na ikiwa draiva hiyo ina mlango ulioachwa wazi, hakuna chumba ndani ya nyumba ambacho mwizi hawezi kukifikia.

Sasa, kiraka si dhambi. Chipu inaweza kutolewa kiwandani kwa mamilioni kisha ikagunduliwa kasoro, na kuirekebisha kwa maagizo machache ndani ya draiva ni nafuu kuliko kuzitupa zote. Mafundi waaminifu hufanya hivyo kila siku, nasi hunufaika. Kiraka halali, hata hivyo, kina alama tatu. Kwanza, kimetangazwa: mnunuzi anaweza kujua kwamba kipo na kinafanya nini. Pili, kinaondoleka: asiyekitaka anaweza kukitoa bila ya kuharibu chombo. Tatu, kina mwenyewe: yuko mtu anayekitunza na kukirekebisha mambo yanapobadilika. Kiraka kisichokuwa na alama hizo ni hila tu, hata kikivikwa nembo ya kampuni kubwa kiasi gani. Mifano ifuatayo inajulikana hadharani, na kila mmoja umekosa alama moja au zaidi.

MTIHANI ULIOIBWA

Sisi tuliofundisha tunaijua hila ya mwanafunzi aliyeipata karatasi ya mtihani kabla ya siku yake. Huyo hakujifunza somo, alijifunza maswali. Mwezi wa Oktoba 2001, waandishi wa Marekani waliokuwa wakipima kadi mpya ya picha ya kampuni ya ATI, iitwayo Radeon 8500, waligundua jambo la ajabu. Draiva yake ilikuwa ikilitambua jina la mchezo mmoja mashuhuri, Quake III, ambao wapimaji wengi waliutumia kama kipimo cha kasi. Walipobadilisha herufi mbili tu katika jina hilo, “quake” ikawa “quack”, kasi ikapungua na sura ya picha ikabadilika. Mchezo ni ule ule na kadi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba draiva haikumtambua tena msimamizi wa mtihani.

Mwezi wa Mei 2003 ikafika zamu ya Nvidia. Kampuni ya Futuremark ya Finland, iliyotengeneza programu ya kupimia kadi za picha iitwayo 3DMark03, ilichunguza draiva za kampuni hiyo. Ilipozizuia zisiitambue programu ya kipimo, alama za kadi ya GeForce FX 5900 Ultra zilishuka kwa asilimia 24.1. Siku chache baadaye kampuni hizo mbili zilitoa tamko la pamoja lililoliacha neno “udanganyifu”. Lugha ilibadilika, lakini namba ilibaki pale pale. Mzazi aliyesoma majedwali ya magazeti ya wakati ule na kuchagua kadi kwa alama zake hakuambiwa kwamba alama hizo zilikuwa za somo moja tu.

Mtu atasema hiyo ni michezo ya vijana, na hasara yake ni ndogo. Lakini mazoea hujengwa kwa madogo. Mtengenezaji aliyezoea kwamba draiva ni mahali pa kufichia jambo ataficha na makubwa.

DAFTARI LILILOSAHAULIWA

Mwezi wa Mei 2017, kampuni ya usalama ya modzero ya Uswisi ilitangaza kwamba draiva ya sauti iliyotengenezwa na kampuni ya Conexant na kuwekwa katika laptopu kadhaa za HP ilikuwa ikiandika kila herufi iliyobonyezwa kwenye kibodi. Kazi halali ya programu hiyo ilikuwa kutambua kitufe cha kuzimia maikrofoni. Ili kukitambua kitufe kimoja, ikawa inavisikiliza vyote. Na kwa kuwa mafundi walitaka kufuatilia kazi yao wakati wa majaribio, waliiamuru iyaandike yote katika faili. Kisha bidhaa ikatoka kiwandani, na daftari lile la majaribio likabaki. Faili hilo lilikaa katika folda iliyo wazi kwa kila mtumiaji wa kompyuta hiyo.

Tufikirie maana yake nyumbani kwetu. Laptopu moja hutumiwa na baba kwa benki, na mama kwa barua za daktari, na watoto kwa kazi za shule, na mgeni aliyekuja kwa wiki mbili. Neno la siri la benki likiandikwa na mmoja, linasomeka na mwingine, na linasomeka na programu yoyote mbaya itakayopenya. HP ilitoa marekebisho upesi. Lakini mwezi wa Desemba mwaka ule ule, chembe nyingine ya aina hiyo ilitangazwa kuwemo ndani ya draiva ya kibao cha kugusa iliyotengenezwa na Synaptics. Hii ilikuwa imezimwa, na ilihitaji mtu mwenye ruhusa ya juu kuiwasha; hata hivyo, orodha ya laptopu za HP zilizohusika ilizidi aina 460.

Hapana dalili kwamba kampuni hizo zilikusudia kutupeleleza. Ulikuwa uzembe. Lakini mtu aliyeacha ufunguo wa nyumba yako mlangoni kwa uzembe amekutia hatarini sawasawa na aliyeuacha kwa kusudi.

MKALIMANI MWENYE MABWANA WAWILI

Kisa cha Lenovo ni kizito zaidi, kwa sababu hapakuwa na kusahau. Katika mwaka 2014 kampuni hiyo iliuza laptopu za nyumbani zilizokwishatiwa programu iitwayo Superfish, ambayo ilipenyeza matangazo ya biashara katika kurasa ambazo mtumiaji alikuwa akizitazama. Ili iweze kuyapenyeza hata katika kurasa zilizofungwa kwa usalama, kama zile za maduka na benki, programu hiyo ilitia ndani ya Windows cheti chake yenyewe cha usalama na kujiweka katikati, baina ya mteja na benki. Baya zaidi ni kwamba laptopu zote zilitumia ufunguo mmoja wa siri. Mwezi wa Februari 2015, mtaalamu mmoja wa usalama aliutoa ufunguo huo na kuonyesha kwamba aliyeupata angeweza kujifanya benki mbele ya kila mwenye laptopu hizo. Serikali ya Marekani iliwashauri watu waiondoe programu hiyo. Mwezi wa Septemba 2017, Lenovo ilikubali masharti ya Tume ya Biashara ya Marekani na kulipa dola milioni 3.5 kwa majimbo 32.

Katika mwaka huo wa 2015 likajulikana jambo jingine la kampuni hiyo hiyo. Baadhi ya kompyuta zake zilikuwa na programu iliyofichwa si katika diski bali ndani ya chipu inayoiamsha kompyuta. Mtu angeweza kufuta kila kitu na kuiweka Windows upya kabisa. Kompyuta ilipowaka, programu ile ilijirudisha yenyewe. Hiyo ndiyo maana ya kiraka kisichoondoleka. Lenovo ilitoa njia ya kuizima baada ya watafiti kuonyesha kasoro ya usalama ndani yake. Mnunuzi aliyelipa bei kamili aliletewa mtumishi ambaye bwana wake alikuwa mwingine.

ADHABU KWA ASIYEKOSA

Kampuni ya FTDI ya Glasgow, Scotland, hutengeneza chipu ndogo zinazounganisha vyombo mbalimbali na kompyuta kwa waya wa USB. Chipu zake zilipendwa mno, na wezi wa viwandani wakaziiga. Haki ya FTDI ya kujilinda haina shaka. Lakini mwezi wa Oktoba 2014 watu waligundua kwamba draiva yake mpya, iliyowafikia kupitia masasisho ya kawaida ya Windows, ilikuwa ikiitambua chipu ya bandia na kuibadilisha namba yake ya utambulisho kuwa sufuri. Kifaa kilichokuwa kikifanya kazi asubuhi, jioni hakikutambulika tena.

Aliyeiga chipu alikwisha kulipwa zamani. Aliyeadhibiwa ni mwanafunzi aliyenunua kibao cha kujifunzia elektroniki, au fundi mdogo ambaye kiwanda alichonunua kwake nacho kilikuwa kimedanganywa. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baada ya malalamiko makubwa draiva hiyo iliondolewa. Lakini mwaka 2016 likaja toleo jingine lililoingiza ndani ya data ujumbe wa kwamba kifaa si halisi. Fikiri ujumbe huo ukiingia katikati ya vipimo vya mtambo unaotegemewa.

DRAIVA YATIMA

Aina ya mwisho ndiyo inayozigusa zaidi familia zetu, kwa kuwa sisi ni watu wa kutunza vyombo. Laptopu iliyonunuliwa Birmingham hutumika hapa miaka minne, kisha hupelekwa Mombasa au Unguja ikasomeshe watoto wa ndugu kwa miaka minne mingine. Mtengenezaji yeye amekwisha kuisahau katika mwaka wa tatu.

Hatari ya draiva iliyosahauliwa ilionekana wazi kwa Gigabyte ya Taiwan. Kampuni hiyo ilitoa draiva ya kurekebishia kasi ya vyombo vyake, na ndani yake mlikuwa na njia ya mkato iliyoruhusu programu nyingine kusoma na kuandika popote katika kumbukumbu ya kompyuta. Watafiti walipoieleza mwaka 2018, jibu la kwanza la kampuni lilikuwa kwamba bidhaa zake hazihusiki. Baadaye ikaiacha draiva hiyo. Lakini draiva iliyoachwa na mwenyewe haifi. Mwezi wa Februari 2020, kampuni ya usalama ya Sophos ilieleza kwamba wahalifu walikuwa wakiibeba wenyewe na kuiingiza katika kompyuta za watu, hata zisizokuwa za Gigabyte. Kwa kuwa ilikuwa na sahihi halali, Windows iliipokea; nao waliutumia mlango wake kuizima programu ya ulinzi, kisha wakafunga mafaili na kudai fidia.

Yatima wengine hawadhuru mtu, ila hufa tu. Darasa letu la Kiswahili la Jumamosi lilikuwa na skana nzuri, ambayo kwayo tulinakili barua za zamani za familia, zile zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na ambazo karatasi yake inakatika kila ikikunjuliwa. Draiva yake ilitegemea njia ya uchochoroni ndani ya Windows ya zamani, njia ambayo Microsoft haikuiahidi kwa mtu yeyote. Windows iliposasishwa, uchochoro ukazibwa. Kioo kizima, taa inawaka, lakini skana haizungumzi. Tuliiandikia kampuni, jibu lilikuwa tununue skana mpya. Wazee wawili walikuwa wameahidi kuleta masanduku yao mwezi ule. Mmoja wao amekwisha kutangulia mbele ya haki, na barua zake zimegawanywa miongoni mwa nyumba nne katika nchi tatu.

Ghadhabu ya namna hii si mpya, na iliwahi kuzaa kheri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman, mtaalamu wa programu katika chuo cha MIT nchini Marekani, alikerwa na printa iliyokuwa ikikwama, ambayo mtengenezaji hakutoa maandishi ya programu yake ili watumiaji wairekebishe. Kisa hicho ni miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kuutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, mmoja wa misingi ya mifumo huria inayotumiwa leo pamoja na Linux. Ni katika mifumo hiyo ambamo watu wa kujitolea wameandika draiva za skana nyingi zilizotelekezwa. Hata yetu ilifufuliwa kwa njia hiyo, ingawa kwa kuchelewa.

TUFANYE NINI?

Hatuwezi sote kuwa wahandisi. Lakini yako mambo ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya.

Kwanza, laptopu mpya ikifika, ondoeni programu msizoziomba kabla ya kuandika neno la siri lolote. Mwenye kijana anayejua na amwombe aiweke Windows upya kwa nakala safi iliyochukuliwa kwa Microsoft yenyewe. Kisa cha mwaka 2015 kinaonyesha kwamba hilo halitoshi kila mara, lakini linaondoa mengi.

Pili, draiva zichukuliwe mahali pawili tu: katika masasisho ya mfumo endeshi, au katika ukurasa wa msaada wa mtengenezaji wa chombo hicho hasa. Programu zinazojitangaza kwamba zitawatafutia draiva zote bure ziepukeni kabisa. Printa au skana ikiuliza kama iweke “kifurushi kamili”, chagueni draiva peke yake.

Tatu, nunueni vyombo vinavyofuata kanuni ya wote. Ziko printa zinazoweza kuchapa kutoka simu au kompyuta yoyote bila ya draiva maalumu ya kampuni. Chombo cha namna hiyo hakifi kwa sababu tu mtengenezaji amechoka nacho.

Nne, msizime ulinzi wa Windows ili draiva ya zamani ipite. Tangu toleo la mwaka 2022 la Windows 11, orodha ya draiva hatari zilizopigwa marufuku huwashwa yenyewe. Na kwa kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, anayehamia mfumo mpya aulize kwanza kama printa na skana zake zina draiva huko.

Tano, tunzeni risiti na mdai haki. Kwa sheria ya Uingereza ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015, bidhaa lazima iwe na ubora wa kuridhisha na ilingane na maelezo yake. Yenye kasoro inaweza kurudishwa ndani ya siku 30 na mnunuzi akapewa fedha zake. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, watengenezaji wa vyombo vingi vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti hulazimika kutaja muda ambao watatoa marekebisho ya usalama, ingawa laptopu na kompyuta za mezani kwa kawaida haziguswi na kanuni hiyo. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya, ambayo sehemu yake kubwa itaanza kutekelezwa tarehe 11 Desemba 2027, inakwenda mbali zaidi, kwa kutaka vyombo vya kidijitali vitunzwe aghalabu kwa miaka isiyopungua mitano.

Sheria hizo hazikushuka zenyewe. Zilikuja kwa sababu watu walilalamika kwa maandishi, wakitaja chombo, tarehe na hasara. Sisi wageni aghalabu hunyamaza, tukidhani kosa ni la Kiingereza chetu au la ujinga wetu wa mitambo. Si hivyo. Tumelipa bei ile ile aliyolipa jirani, na tunastahiki jibu lile lile.

Basi, mtu akienda dukani, pamoja na kuuliza bei, na aulize maswali matatu: Ni programu gani zimo ndani ya chombo hiki? Naweza kuziondoa nisizozitaka? Na mtazitunza hadi mwaka gani? Muuzaji asiyeweza kujibu, na amwite anayeweza. Biashara ya mwambao wetu tangu zamani ilijua kwamba mwenye kuuza huitaja kasoro ya bidhaa kabla ya kupokea fedha. Kompyuta nayo ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na gunia lake lina haki ya kufunguliwa kabla ya kulipiwa.